AKIBA HAIOZI: HABARI ZA NJAA ZILIZOPITA UKAMBANI NA DESTURI ZILIZOTUBAKIA



Kila mwaka kijitabu hiki huwaletea hesabu za fedha na habari za kazi ya kamati. Mwaka huu kamati ilituagiza sisi tunaoshika kalamu ya chama tuongeze kurasa chache za historia, nasi tumekubali kwa unyenyekevu, tukijua ya kwamba wengi watakaosoma waliyaona kwa macho yao mambo ambayo sisi tuliyapata kwa masikio tu. Tukikosea, wazee watuwie radhi na watusahihishe.

Jambo lililotusukuma kuchagua habari hii lilitoka katika mikutano yetu wenyewe. Twakumbuka sote maneno yaliyozuka juu ya fedha ya akiba. Vijana walisema ya kwamba fedha imelala miaka mingi bila kazi, na kwamba chama kinachoogopa kutumia chake ni sawa na mtu anayelala njaa juu ya gunia la mahindi. Mzee mmoja akasimama, akasema neno moja tu, "Akiba haiozi," akaketi. Kijana mmoja akajibu chini kwa chini ya kwamba wazee wetu bado wana njaa ya zamani. Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

Hatukuliandika neno hilo katika kitabu cha mkutano, maana halikusemwa kwa utaratibu, lakini halikututoka moyoni. Kijana yule alisema kweli kuliko alivyojua. Njaa ya zamani ingaliko. Imo katika mikono yetu, katika majiko yetu na katika hazina ya chama hiki. Basi yafaa tuulize ilitoka wapi, imetufaa nini, na ni wapi yatupasa kuiangalia kwa uangalifu.

Njaa iliyoenea kila mahali

Mataifa mengine huhesabu miaka kwa tawala za wafalme. Wazee wetu waliihesabu kwa njaa, na kila njaa kubwa ilipewa jina lake ili isipotee. Katika Kikamba njaa ya namna hiyo huitwa yua. Majina hayo ndiyo vitabu vyetu vya kwanza vya historia, maana kila jina limefunga ndani yake habari ya jinsi watu walivyoteseka na jinsi walivyookoka.

Iliyo kuu miongoni mwa hizo ni Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali, iliyoishika nchi katika miaka ya 1898 na 1899. Haikuja peke yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulikuwa umekwisha kuwafyeka ng'ombe wa Afrika ya Mashariki, na watu walikuwa hawajayajaza tena mazizi yao. Ndipo mvua zikakatika msimu baada ya msimu, na nyuma ya ukame ikafuata ndui. Wakati huohuo reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa ikipenya katika nchi yetu, nayo ikafika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Misafara na kambi zilihitaji chakula, na kilichouzwa jana hakikuwako leo.

Wengi walihama. Walikwenda kwa majirani wa Ukikuyu na Embu, na huko nako njaa ikawafuata. Wako waliowaacha watoto wao katika nyumba za watu wengine ili wapate kula. Baadhi walirudi kuwachukua. Watoto wengine wakakua hukohuko, wakaoa na kuolewa, wakawa watu wa huko.

Waliobaki hai walirudi kwenye mashamba yao na mafunzo ambayo hayakuandikwa popote ila katika mwenendo. La kwanza ni kwamba mali isiwekwe mahali pamoja: shamba moja liwe mlimani na jingine bondeni, na ng'ombe wengine walishwe kwa rafiki wa mbali, ili ukame au ugonjwa ukishika upande mmoja, upande wa pili uokoke. La pili ni kwamba mbegu si chakula. Mtu akila mbegu zake ameila na mvua ijayo. Ndiyo sababu mama zetu walizitia mbegu katika vibuyu, wakazitundika juu ya meko palipo na moshi, mahali ambapo mtoto hafiki na fukusi hapendi. Ghala hufunguliwa kwa kazi ya kila siku, bali kibuyu cha mbegu kilifunguliwa kwa mvua peke yake.

Ng'ombe walioitwa wengi mno

Desturi iliyozaliwa na njaa ina shida moja: yeye ambaye hakuiona njaa huiona desturi hiyo kuwa upumbavu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wazee wetu waliionja shida hii mwaka 1938.

Katika miaka hiyo ya 1930 nchi ya Machakos ilikuwa imechoka. Udongo ulichukuliwa na maji, makorongo yakapasua vilima, na maofisa wa serikali ya kikoloni wakaandika ya kwamba ng'ombe ni wengi mno. Ardhi ilikuwa imeharibika kweli, hilo hapana budi tulikubali. Lakini sehemu kubwa ya ardhi nzuri ilikuwa imekwisha kutwaliwa kwa mashamba ya walowezi, na watu na mifugo wakabanwa katika mahali padogo. Serikali ikaamuru ng'ombe wapunguzwe, wakakamatwa na kuuzwa kwa nguvu kwa bei duni.

Ofisa aliyetazama zizi aliona ng'ombe waliokonda, wasio na faida. Mwenye zizi aliona jambo jingine. Yeye au baba yake alikuwa ameona sotoka na Ngomanisye, naye alijua ya kwamba mwenye ng'ombe kumi akipatwa hubaki na mmoja, na mwenye watatu hubaki na kamba tu. Wingi ule haukuwa majivuno peke yake. Ulikuwa akiba, nayo akiba ya mtu asiye na benki yoyote.

Basi mwaka huo Muindi Mbingu na wenzake katika Ukamba Members Association waliwaongoza watu kwa miguu hata Nairobi, wanaume kwa wanawake na watoto, ili wamwone Gavana. Walikaa huko wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni, lakini uuzaji ule wa nguvu ulikoma. Sisi wa vyama vya ustawi twalikumbuka jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, ni chama kilichosema kwa niaba ya wasio na sauti. Pili, latuonya tusiharakishe kuicheka akiba ya mtu kabla hatujamwuliza aliona nini.

Lakini historia haikuishia hapo, na sehemu inayofuata ni ya sifa kwa watu wetu. Kazi ya kukata matuta ili kuuzuia udongo ilianza kwa amri, na watu wakaichukia. Amri ilipolegea karibu na mwaka wa Uhuru, wengi waliiacha. Halafu baada ya 1963 watu wale wale wakairudia kwa hiari, katika vikundi vya mwethya, jirani akilima kwa jirani. Walichagua mtindo uitwao fanya juu, yaani kuchimba mfereji na kuutupa udongo upande wa juu, ili tuta lizuie maji na udongo pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 watu wa wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Makueni, walikuwa wapata 240,000. Mwaka 1989 walikuwa karibu 1,400,000. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na ardhi iliyodhaniwa kuwa imekufa ikatunzwa vema kuliko kwanza. Wataalamu, wakiwamo wa kutoka ng'ambo, walilitazama jambo hilo na kuliandikia kitabu mwaka 1994. Kwetu sisi maana yake ni wazi: watu waliojifunza kutopoteza punje walijifunza pia kutopoteza tone la mvua wala konzi ya udongo.

Ndege za mwaka 1961

Twaja sasa kwenye njaa ambazo wanachama wetu wenyewe waliziona. Mwaka 1961 ukame ulitangulia, na mwisho wa mwaka mvua ikaja kwa wingi wa kupita kiasi. Mito ikafurika, barabara zikakatika, na watu waliokwisha kudhoofika kwa njaa wakawa wamefungiwa na maji. Serikali ikatuma ndege ziangushe magunia ya chakula. Kwa hiyo jina lake ni Yua ya Ndeke, njaa ya ndege.

Nyanya yetu, mama wa baba yetu, alikuwa mama kijana wakati huo. Sisi tulipokuwa watoto tulimjua kwa tabia moja iliyotuchekesha. Mahindi yakipukuchuliwa, punje zikaruka mchangani, yeye hakuzifagia. Aliinama akaziokota moja moja, akazipuliza vumbi, akazitia katika ncha ya leso. Mgeni akiwa ameketi, aliokota. Jua likichwa, aliokota. Tulimwambia, "Nyanya, hizo ni za kuku." Naye alijibu, "Kuku ana macho ya kutafuta zake."

Hatukujua sababu mpaka tulipokuwa wakubwa, naye akatusimulia bila kuulizwa. Magunia yale ya mwaka 1961 yalipoanguka, mengine yalipasuka. Nafaka ilitawanyika kwenye matope na majani. Wanawake walipiga magoti pamoja wakaokota tangu asubuhi mpaka usiku, punje kwa punje, na aliyechelewa kufika aliokota zilizokanyagwa. Alituambia ya kwamba mtoto wake mkubwa alikula uji wa mahindi hayo siku nne. Hakuongeza neno. Mtoto huyo ni baba yetu.

Tangu siku hiyo hatukumcheka tena. Waswahili husema, aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi tuliona mkono wake tu. Nyoka alimwona yeye.

Kufa na fedha mkononi

Mwaka 1984 mvua za masika zilipita bila kunyesha. Wakati huo mambo yalikuwa yamebadilika. Wengi wa watu wetu walikuwa na kazi mijini, na fedha zilitumwa nyumbani kila mwezi. Hata hivyo madukani hapakuwa na kitu. Serikali ilinunua mahindi ng'ambo, na sehemu kubwa ilikuwa ya manjano, ambayo watu wengi hawakuwa wameizoea, lakini walipiga foleni wakaichukua, wakashukuru. Njaa hiyo Wakamba waliiita Nikw'a Ngwete, maana yake nafa nami nimeshika, yaani nafa na fedha iko mkononi.

Hatudhani kuna somo la uchumi lililosemwa kwa maneno machache kuliko hayo. Ngomanisye ilifundisha kwamba ng'ombe wanaweza kufa wote. Nikw'a Ngwete ilifundisha kwamba fedha inaweza kuwako isifae kitu. Ndiyo sababu mpaka leo, wakati fedha yafika kwa simu kabla chai haijapoa, mama mwenye umri wa miaka sitini huko kijijini hatulii moyo mpaka aone magunia. Ukimwambia, "Mama, mahindi yako dukani, nitakutumia fedha," atakuitikia kwa adabu, kisha atakwenda kuyahesabu magunia yake.

Desturi zilizobaki

Basi tukiziorodhesha desturi hizi, tutaona nyingi bado tunazo bila kujua zilitoka wapi. Ghala la zamani haliishi mpaka mavuno mapya yaingie. Mahindi yakikobolewa kwa kinu na mchi tupate muthokoi, wishwa hautupwi. Una kuku wake na, mwaka mbaya, una watu wake. Kunde huchanganywa na jivu ili fukusi asizile. Karibu na mahindi ya Katumani, yaliyotokana na kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos na yanayosifiwa kwa kukomaa upesi, mkulima mwenye busara bado hupanda mbaazi na mtama, kwani mbaazi husubiri mvua wakati mahindi yamekata tamaa. Huku mjini nako hatujambo. Ni nani miongoni mwetu asiye na kabati lililojaa mikebe mitupu, mifuko iliyokunjwa na kamba fupi fupi ambazo hazitafunga kitu?

Wala tusidhani ya kwamba tabia hizi ni za Mwafrika peke yake. Uingereza walianza kula kwa kipimo cha serikali mwaka 1940 kwa sababu ya vita, wakaendelea hata 1954, miaka tisa baada ya vita kwisha. Wengi waliokua katika miaka hiyo walizeeka wakiona vigumu kutupa kipande cha mkate. Kwao kipimo kiliondolewa kwa amri, lakini mkono ulioshika mkate haukuisikia amri hiyo.

Mahindi ya mwaka 2004

Sasa twaja mahali pagumu, na kwa hapa ndipo tuliposhika kalamu.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 watu wa Makueni, Kitui na Machakos walivuna mahindi wakati wa mvua zisizo za majira. Mavuno yalikuwa haba na mahindi yalikuwa na maji. Kwa kuwa chakula kilikuwa kidogo, wengi hawakuyaacha nje ghalani penye upepo. Waliyaingiza ndani ya nyumba, wakayarundika mahali pa giza na joto, wakayafunika. Yakaota kuvu. Na kwa kuwa waliozaliwa na waliookoka Ngomanisye, njaa ya ndege na Nikw'a Ngwete hawatupi chakula, waliyaosha, wakayakoboa, wakayapika, wakayala.

Kuvu hiyo huacha sumu ambayo wataalamu waiita sumukuvu. Haionekani kwa macho, wala moto wa jiko hauiondoi. Kukoboa hupunguza sehemu yake, lakini hakuimalizi. Huliharibu ini, macho na ngozi vikawa vya manjano, tumbo likajaa maji. Katika miezi michache ya mwaka huo watu 317 walijulikana kuwa wamepatwa, na 125 kati yao wakafa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981 huko Machakos wagonjwa 20 walipatikana na ugonjwa huo, na 12 wakafa. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulionyesha wazi kwamba mahindi mabichi yaliyowekwa ndani ya nyumba yalikuwa hatari sana.

Sisi tulikuwa mwanafunzi, na tulikuwako nyumbani siku bwana afya na mzee wa mtaa walipofika. Waliingia chumbani kwa nyanya, wakatoa magunia mawili na debe moja. Walipofungua, harufu ilisema kabla yao. Wakamweleza kwa heshima ya kwamba yatateketezwa, na kwamba serikali italeta mahindi mengine. Nyanya hakubishana. Aliomba jambo moja tu, kwamba yasiteketezwe mbele ya mlango wake. Kisha akachukua kigoda, akaketi nyuma ya nyumba, akaupa moto mgongo. Jioni hakula. Baba alipomsihi, alisema, "Nimewahi kuyaokota chini, sijawahi kuyachoma."

Neno hilo latuuma mpaka leo, kwa kuwa baadaye tulijifunza ya kwamba vijidudu vya kuvu hiyo hukaa udongoni, na mahindi yanayoanikwa juu ya ardhi tupu ndiyo huipata upesi. Desturi iliyomwokoa baba yetu mwaka 1961, ya kutoacha punje mchangani, karibu imwue yeye na mama yake mwaka 2004. Mkono ulikuwa ni ule ule, na upendo ni ule ule. Kilichobadilika ni hatari yenyewe: ya kwanza ilionekana, ya pili ilijificha.

Basi, akiba haiozi? Wazee wetu, twasema kwa adabu: huoza. Methali haikusema uongo, lakini iliwadhania wasikilizaji kuwa ni watu waangalifu. Mama zetu wa zamani hawakuweka tu. Waliyatoa mahindi juani, wakayageuza, wakachagua yaliyooza, wakatangulia kula ya zamani, wakaweka mapya. Ghala lao lilikuwa limeinuliwa juu ya magogo na upepo ulipita. Sisi tuliirithi hofu yao ya kupungukiwa, tukausahau uangalifu wao wa kugeuza.

Tusipite hapa bila kuwakumbusha wanachama wenye mashamba mambo machache. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Yakisha kukauka, yajaribiwe hivi: tia mahindi hata theluthi ya chupa kavu, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyo kavu kabisa, funga, tikisa dakika chache, uache robo saa. Chumvi ikigandama kwenye chupa, mahindi bado yana maji. Isipogandama, yafaa kuwekwa. Yawekwe mbali na sakafu na ukuta, katika magunia yanayopitisha hewa au katika mifuko ya kisasa isiyopitisha hewa kabisa, ambayo ni ya mahindi makavu peke yake. Na yakiwa na kuvu, yasiliwe wala yasipewe mifugo. Hapo ndipo kutupa ni kuweka akiba, akiba ya maisha.

Neno la mwisho kwa chama

Twarudi kwenye mkutano wetu. Kijana alisema fedha imelala. Mzee alisema akiba haiozi. Historia yawapa wote wawili haki, tena yawakosoa wote wawili.

Kijana na ajue ya kwamba fedha ile si woga wa watu wasiosoma. Ni mazizi ya 1938 katika umbo jingine. Iliwekwa na watu walioona duka tupu mwaka 1984, na siku mwanachama wetu atakapokufa mbali na kwao, ndiyo itakayomrudisha kwa heshima bila mjane kuuza mbuzi wake wa mwisho. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wazee nao na wakubali ya kwamba fedha iliyofungiwa haifanani na dhahabu, yafanana na mahindi. Bei za vitu zikipanda kila mwaka, na fedha ikabaki ile ile, fukusi yumo ndani ijapokuwa kufuli ni zima. Fedha iliyotosha kumsafirisha marehemu miaka kumi iliyopita leo haimfikishi nusu ya njia. Hakuna aliyeiiba. Imeota kuvu.

Kwa hiyo sisi twaleta maombi mawili mbele ya mkutano mkuu. La kwanza, akiba ibaki, na isiguswe kwa starehe wala kwa haraka. Hiyo ndiyo mbegu katika kibuyu. La pili, kila mwaka kabla ya mkutano mkuu watu watatu, wawili wazee na mmoja kijana, waifungue hesabu yote mbele ya wanachama, waonyeshe imepata faida gani na imepunguzwa kiasi gani na bei za vitu, kisha washauri sehemu ipi igeuzwe, na ya zamani itumike kwa shida zilizopo. Hivyo ndivyo mama zetu walivyofanya na nafaka, wala hakuna aliyewaita wapotevu.

Nyanya yetu aliishi miaka mingine kumi na miwili baada ya mwaka ule. Aliendelea kuokota punje, hatukumzuia. Lakini aliziokota juu ya turubai tulilomnunulia, na kila mara kabla ya kufunga gunia aliomba chupa na chumvi. Alitikisa mwenyewe. Chumvi ilipoanguka chini safi, aliitazama kwa muda, akasema, "Haya, sasa fungeni."

Ndugu wanachama, katika mkutano ujao tutaomba ruhusa ya mwenyekiti tuliandike katika kitabu neno la mzee na jibu la kijana, yote mawili, kwa kuwa yote mawili ni historia ya watu wetu.

Ni sisi mtumishi wenu,
Karani wa Chama